Marafa: teremka, usiishie ukingoni

Watu wengi wanaotoka Malindi kwenda Marafa, kwenye korongo la mchanga liitwalo Nyari, husimama ukingoni, wakapiga picha, wakarudi garini. Nasema wazi: mtu wa namna hiyo Nyari hajaiona. Uzuri wa korongo lile uko chini, na kuteremka kunataka kujipanga.

Kwanza ni saa. Ukishuka adhuhuri utaungua, maana kuta huzuia upepo na mchanga hukurudishia joto usoni. Kula chakula cha mchana kwanza, uvuke daraja la Mto Sabaki, uache barabara ya Lamu ushike ya kushoto. Ikifika saa kumi alasiri uwe umeshalipa kiingilio, unateremka. Jua linapopungua makali, tabaka jeupe huingia waridi, na lile jekundu huwaka kama makaa yaliyopulizwa.

Chukua mwongozaji wa palepale kijijini. Korongo linasimamiwa na wanajamii wenyewe, na wao ndio wanaojua njia ipi imebomoka. Nyari si mwamba mgumu. Ni mchanga ulioshikana, na kila msimu maji ya mvua huuchonga, ukingo ukazidi kurudi nyuma. Weka kiganja ukutani taratibu uone chembe zinavyodondoka. Ndiyo maana nakusihi usikanyage mdomo wa genge kutafuta picha, na usichore jina lako popote. Nikiona majina yale kutani huniuma sana. Mvua kubwa ikiwa imenyesha, ahirisha, kunateleza.

Mkiwa chini, mwombe mwongozaji akupe hadithi ya Wagiriama, wenyeji wa huko: ukoo tajiri uliokuwa na ng'ombe wengi hata wakaoga maziwa, majirani wana njaa, Mungu akaididimiza ardhi pamoja nao. Weupe ule ni maziwa, wekundu ni damu. Weka simu mfukoni, msikilize mpaka amalize. Kwangu mimi, hapo ndipo safari yenyewe ilipo.

Vaa viatu vya kufunga, si ndara. Beba maji ya kutosha, na watoto wavae kofia. Mzee mwenye maumivu ya magoti mtafutieni kivuli juu, asilazimishwe kushuka.

Matatu za kwenda zipo, lakini kurudi wakati wa magharibi ni shida. Afadhali mwelewane na mwenye gari au bodaboda awasubiri, na bei mpatane kabla ya kutoka mjini.