Doria Tunafanya Sisi, Faini Zinakwenda Wapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, kijiji chetu mkoani Morogoro kinapakana na msitu wa hifadhi wa Serikali Kuu. Vijana wetu hufanya doria, huzima moto na kukamata wachoma mkaa, lakini faini zinazotozwa hatuzioni. Je, tuna haki ya kudai mgawo?
Mjumbe wa Kamati ya Maliasili ya Kijiji

JIBU: Ndugu mjumbe, haki hiyo haitokani na doria, hata ingekuwa ya miaka mingi, inatokana na mkataba. Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 inatenganisha mambo mawili ambayo vijijini huchanganywa mara kwa mara. Msitu ulio ndani ya ardhi ya kijiji unaweza kutengwa na mkutano mkuu wa kijiji kuwa hifadhi ya kijiji, ukawa na mpango wa usimamizi na sheria ndogo zake, na mapato yake yakaingia kwenye mfuko wa kijiji. Ndivyo vijiji kadhaa vya Kilwa vinavyouza mpingo wao, ambao tangu mwaka 2009 umekuwa na cheti cha kimataifa cha uvunaji endelevu. Msitu wa Serikali Kuu, kwa upande wake, hubaki mali ya Serikali, na kijiji huingia humo kama mbia tu, kwa mkataba wa usimamizi wa pamoja.

Udhaifu wa ubia huo, kwa maoni yangu, ni kwamba wajibu wa wanakijiji huandikwa kwa kirefu, huku mgawo wa mapato ukiachwa kwa maneno ya jumla. Kamati yenu isikubali hivyo. Muulizeni ofisa misitu wa wilaya, au Wakala wa Huduma za Misitu, kama kuna mkataba uliokwisha kusainiwa. Kama haupo, ombeni uandaliwe, utaje asilimia ya faini na ya mazao yaliyotaifishwa, na usomwe mbele ya mkutano mkuu kabla ya kusainiwa.

Msidhani kwamba Serikali haisikii. Huko Duru-Haitemba, wilayani Babati, mpango wa kuufanya msitu kuwa hifadhi ya Serikali ulipingwa na wenyeji, na katikati ya miaka ya 1990 vijiji vinane vikakabidhiwa usimamizi wake, kabla hata sheria ya sasa haijatungwa. Wakati mkisubiri mkataba, kila anayekamatwa akabidhiwe kwa maandishi, na nakala ibaki katika ofisi ya kijiji.