Kwa nini "leading" hutamkwa "leding"?

Swali: Mimi hutengeneza mabango na kadi za harusi. Programu ninayotumia ina maneno "leading", "uppercase" na "font". Juzi nilisema "liding", mteja akanicheka. Nani yuko sahihi, na maneno haya yalitoka wapi?

Jibu: Mteja wako yuko sahihi, ingawa angeweza kukurekebisha bila kukucheka. Neno hilo halihusiani na kuongoza. Linatokana na "lead", yaani madini ya risasi, ambayo Waingereza huyatamka "led". Enzi za kupanga herufi za chuma kwa mkono, moja baada ya nyingine, mistari ikibanana ulichomeka katikati yake kipande chembamba cha risasi chenye urefu wa mstari mzima. Ndiyo hiyo "leading".

"Case" katika "uppercase" ni kasha: trei ya mbao yenye vijumba vingi, kila herufi na chake. Mpangaji wa herufi aliyaweka makasha mawili mbele yake, moja juu ya jingine, kwa mshazari. La juu lilikuwa na herufi kubwa. La chini lilikuwa na herufi ndogo, kwa sababu ndizo zinazochukuliwa kila mara na lazima ziwe karibu na mkono. Kwa Kiingereza kijumba kikubwa kuliko vyote ni cha "e". Kwa Kiswahili ningempa "a" nafasi hiyo bila kufikiri mara mbili: neno "anakamata" peke yake linakula tano.

"Font" imetoka kwa Wafaransa, kwenye kitenzi "fondre", kuyeyusha, kwa kuwa herufi zilimiminwa kwenye kalibu kwa mchanganyiko wa risasi, antimoni na bati. Zamani herufi za pointi 10 na za pointi 12 (pointi ni kipimo cha ukubwa wa herufi) za mtindo uleule zilikuwa font mbili tofauti, kila moja na makasha yake. Siku hizi mtindo wote huitwa font, na sioni haja ya kugombana na mtu kwa hilo.

Turudi kwenye "leading" yako. Fungua programu, weka herufi za pointi 12 na "leading", yaani umbali kutoka mstari mmoja hadi mwingine, 14. Ile tofauti ya pointi 2 ndiyo unene wa kile kipande cha risasi.