Ndege ikichelewa na nyumbani wanakusubiri

Kwa wengi wetu tunaoishi Ujerumani, kwenda nyumbani ni kuunganisha ndege. Unatoka Frankfurt, unashuka mahali katikati, ndipo unapanda ya Dar. Ya kwanza ikichelewa saa mbili tu, ya pili inaondoka bila wewe, na inayofuata huenda ni ya kesho yake. Huku nyuma kaka yako ameshakodi Noah kutoka Morogoro, imejaa watu waliovaa nguo za sherehe wanakuja kukupokea.

Kwa hiyo likisikika lile tangazo, mpigie kwanza kaka yako. Mama asubiri, na kundi la ukoo la WhatsApp lisubiri pia. Aliyekodi gari ndiye anayeingia gharama kila saa inayopita. Mama utampigia ukishajua unafika lini, maana ukimpa habari nusu hatalala, na presha itampanda bure.

Ukishakata simu, nenda kadai haki yako. Wengi wetu tumezoea basi likiharibika Chalinze tunashuka, tunanunua mahindi ya kuchoma na kungoja fundi. Ulaya usingoje hivyo. Kanuni namba 261 ya mwaka 2004 ya Umoja wa Ulaya inamlinda kila abiria anayeondoka kwenye uwanja ulio ndani ya Umoja huo, liwe shirika la Ulaya au la kwingine, na haiulizi una pasipoti ya nchi gani. Kwa safari ya zaidi ya kilomita 3,500, ndege ikichelewa kuondoka kwa muda wa saa 4 au zaidi wanapaswa kukupa chakula na vinywaji. Ikiahirishwa hadi kesho, wanakupa hoteli na usafiri wa kwenda na kurudi. Hayo ni haki yako hata kama chanzo ni theluji au mgomo wa waongoza ndege.

Fidia ya pesa ni jambo jingine. Ukifika Dar umechelewa saa 4 au zaidi, na safari yote uliinunua kwa tiketi moja, ni euro 600, isipokuwa kama chanzo ni jambo lililo nje ya uwezo wa shirika, kama hali mbaya ya hewa. Ubovu wa kawaida wa ndege hauwaondolei wajibu huo. Wakikuletea vocha ya safari badala ya pesa, usitie saini kama hukuitaka.

Jioni moja ndege yetu ilipata hitilafu hapo Frankfurt, foleni ya kaunta ikajikunja hadi karibu na vyoo. Mbele yangu alikuwa mama wa Lubumbashi, mtoto mgongoni, mkononi kipande cha mkate alichokinunua kwa pesa yake. Akanigeukia: "Sasa tutafanya namna gani?" Kanuni ile ipo kwa lugha nyingi za Umoja wa Ulaya, basi nikamfungulia ya Kifaransa kwenye simu. Akaisoma kwa sauti, polepole, kidole kikifuata mstari. Zamu yake ilipofika aliiweka simu juu ya kaunta, akauelekeza ule mstari wa chakula na ule wa hoteli. Akarudi na vocha zake na za mtoto. Waliokuwa nyuma yetu wakaanza kuulizana ile kanuni inaitwaje.

Wakati unasubiri, piga picha ubao wa safari, tunza kadi ya kupandia ndege na risiti zote, na uwaombe sababu ya kuchelewa kwa maandishi. Andika madai palepale ungali unakumbuka kila kitu. Kampuni za kukudaia zipo, lakini hukata sehemu nono, na barua yenyewe ni ya nusu ukurasa.

Kadi ya ukaazi iwe kwenye begi la mkononi, usiifungie kwenye sanduku. Ukikwama Paris au Amsterdam wakati wa kurudi, ndiyo itakayokutoa uwanjani ukalale hotelini. Humo weka pia dawa, chaja na kanga, kwa sababu sanduku huenda usilione hadi kesho. Kanga ni shuka, ni pazia la kunyonyeshea, na ukihitaji kuswali ni mkeka.

Saa zinazobaki wapigie wale unaowaahidi kila wiki kwamba utawapigia. Mimi huanza na shangazi, kwa kuwa naye simu haikatiki chini ya nusu saa.

Kurudi ni habari nyingine. Ukiondoka Dar na shirika lisilo la Ulaya, kanuni hii haikuhusu. Ndiyo maana mimi huacha siku nzima kati ya kutua na kuingia kazini, na humwambia bosi wangu hivyo kabla sijanunua tiketi.