Kikao cha Maridhiano Nilichokiharibu Mwenyewe

Wiki iliyopita msomaji wa Lira, hapa kaskazini mwa Uganda, aliniandikia akiomba ushauri wa kuandaa kikao cha maridhiano kati ya waliorudi kutoka msituni na majirani zao. Nimeendesha vikao vingi vya aina hiyo hapa Gulu, na sioni haya kusema kwamba kazi hii naijua. Lakini kila ninapoulizwa, kinachonijia ni kile nilichokiharibu.

Niliwaalika wazee wa koo, viongozi wa dini na diwani, nikawapanga mezani. Wanawake, wengi wao waliotekwa na waasi wa Joseph Kony, waliopigana na serikali kutoka msituni, wangali wasichana, walikaa mikekani nyuma, karibu na masufuria. Kwa saa tatu wazee walieleza mato oput, desturi ya Waacholi ambayo ukoo wa muuaji hukiri kosa na kulipa fidia, kisha pande zote mbili zikanywa kinywaji kichungu cha mzizi wa mti wa oput. Ni desturi ninayoiheshimu, ila asili yake ni mauaji baina ya koo, na akina mama wale walikuwa na lao. Nililiona jioni kwenye karatasi ya mahudhurio: mmoja wao alikuwa ameandika jina la mwanawe aliyezaliwa msituni, na kijiji, lakini mahali pa ukoo wa mtoto aliacha wazi. Kwetu ukoo ni wa baba, na asiye na ukoo hupata shamba kwa shida. Wafadhili waliisifu ripoti yangu. Mimi inanichoma hadi leo.

Kwa hiyo, ndugu yangu, anza na wanaozungumziwa. Wasikilize kabla wakubwa hawajafungua mdomo. Wala usiiachie mahakama kazi hiyo. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimhukumu Dominic Ongwen, kamanda wa waasi hao, kifungo cha miaka 25 mwaka 2021, na mwaka 2024 ikaamuru fidia ya zaidi ya euro milioni 52, ikiwatambua hata watoto waliozaliwa msituni kama huyo kuwa waathirika. Lakini shamba hugawiwa kijijini, na kijijini ndiko wanakonyamazishwa. Narudia: anza na wao.

Kikao cha pili nilikianzia mikekani. Yule mama alizungumza, na alipomaliza mjomba wake alisimama akaiomba ile karatasi ya kwanza, ajaze ukoo wake mwenyewe palipoachwa wazi. Sikuwa nayo, nilikuwa nimeiambatanisha na ripoti.