Siku 30 zinapogeuka namba hasi

Ndugu yangu wa Shela, umeuliza kwa nini programu yako ya Java ya nafasi za boti inafuta kumbukumbu zote za safari, ilhali faili la mipangilio linasema zikae siku 30. Siku 30 ni milisekunde 2,592,000,000, na int, aina ya namba nzima uliyotumia kuzihifadhi, inaishia 2,147,483,647. Umetia pishi ndani ya kibaba: namba imefurika ikawa -1,702,967,296. Ukiitoa kwenye saa ya sasa, mpaka wa kufuta unaangukia siku zijazo, hivyo kila safari inaonekana ya zamani.

Tumia long, aina ya namba nzima yenye nafasi kubwa zaidi, na uzidishe kwa Math.multiplyExact, ambayo hutoa kosa badala ya kunyamaza. Thamani ikaguliwe pale pale inaposomwa. Ikizidi kiwango, programu isimame na itaje mpangilio wenyewe. Ila kwanza, tafadhali, nakili data iliyobaki leo hii.