Zawadi zetu zilikaa kwenye vizibo

Umeuliza kama watoto wa Uganda nasi tulipata zawadi za boksi la konfleksi, kama Marekani ambako kampuni ya Kellogg ilitoa kitabu cha picha mwaka 1909 kwa aliyenunua pakiti mbili. Kwetu kambini Jinja, asubuhi ilikuwa uji wa ulezi au chai na mhogo. Zawadi zilikaa kwenye vizibo vya soda! Tuliviokota nje ya duka, tukabandua kile kiplastiki cha ndani kwa ncha ya kisu, roho juu, tukitafuta picha ya zawadi chini yake. Mara nyingi hapakuwa na kitu, lakini hakuna aliyetupa kizibo: kiligeuka kete ya drafti, vyangu vimelala kifudifudi, vyako chali. Kimoja chenye picha ya baiskeli nilimpa dada yangu, naye anacho hadi leo.