Sherehe ya familia kwenye mgahawa wa Kichina: menyu ashike mtu mmoja

Ukimpeleka mzazi, mchumba au mhitimu wako kusherehekea kwenye mgahawa mzuri wa Kichina, menyu ashike mtu mmoja. Kama ningeruhusiwa kutoa ushauri mmoja tu, ungekuwa huo. Hapa Dar naona meza nyingi ambazo kila mtu kaagiza chake: huyu wali wa kukaanga na kuku, yule tambi, watoto chipsi. Hela inayolipwa ni nyingi, na watu wanaondoka bila kuonja kile ambacho mpishi anakijua hasa. Chakula cha Kichina cha shughuli hupangwa kwa ajili ya meza nzima. Sahani zinakaa katikati, kila mtu anapakua kidogo kidogo, na utamu wake uko kwenye mchanganyiko: cha mvuke karibu na cha kukaanga, chenye pilipili karibu na kilichopoa. Sisi tuliokulia kwenye sinia moja tunalijua jambo hilo tangu utotoni.

Katika ukoo wetu mimi ndiye ninayepewa kazi ya kupanga shughuli ndogo, zile zisizohitaji ukumbi wala kamati ya michango. Mama alipotimiza miaka 60 hakutaka MC wala muziki. Alitaka wanawe na wajukuu wakae meza moja. Ile meza ya duara yenye kioo cha kuzunguka katikati ilitufaa kuliko ukumbi wowote: watu kumi wanatazamana, hakuna aliyetupwa mwisho wa meza, na bakuli la supu linamfikia bibi bila mtu kuinuka.

Pigeni simu siku mbili kabla, na simu hiyo isiwe ya kuweka nafasi tu. Ulizeni kama kuna chumba cha peke yenu na kama kina kiwango cha chini cha matumizi. Ulizeni kama mnaweza kuja na keki. Na kama mnataka bata wa Beijing, semeni siku hiyohiyo. Bata huyu si wa kuamuliwa mkiwa mmeshakaa. Akishasafishwa hupulizwa hewa ili ngozi iachane na nyama, humwagiwa maji ya moto, hupakwa maji ya sukari ya kimea, kisha huning'inizwa akauke kwa saa nyingi kabla ya kuingia kwenye tanuri. Kukauka huko ndiko kunakoifanya ngozi iwe kavu na nyepesi mdomoni. Mgahawa wa Quanjude wa Beijing, ulioanza mwaka 1864, ulijijengea jina kwa kuwachoma bata wakiwa wananing'inia juu ya moto wa kuni za miti ya matunda. Mahali ambapo wako tayari kukuletea bata mzima dakika ishirini tu baada ya kuagiza, mimi huchagua kitu kingine.

Bata akija, mhudumu humkata mbele yenu. Unachukua kichapati chembamba, unapaka sosi nyeusi tamu, unaweka vipande vya bata, tango na kitunguu cha majani, unakunja, unakula kwa mkono. Wazee wetu ambao vijiti vinawatesa hufurahi sana hapo. Kwa sahani nyingine, ombeni vijiko na uma mapema ili mzee asilazimike kuomba mbele za watu.

Kwa familia yenye Waislamu kama yetu, kuuliza "kuna nguruwe?" hakutoshi. Mvinyo wa mchele huingia kwenye samaki wa mvuke na kwenye nyama za kulowekwa. Maharage mabichi ya kukaanga mara nyingi huwekewa nyama ya kusaga, na nyama hiyo huwa ya nguruwe. Maandazi na vitafunwa vingine hukandwa kwa mafuta ya nguruwe. Semeni yote haya kwenye simu, na mwulize pia kama karai litakuwa tofauti. Si ombi geni kwa mpishi wa Kichina: China ina Waislamu wengi, wakiwemo Wahui, na tambi za supu ya ng'ombe za mji wa Lanzhou zinazoliwa nchi nzima zimetoka kwao. Mkijibiwa kwa mashaka, tafuteni mahali pengine. Kwenye mzio wa karanga msilegeze hata kidogo, maana kuku wa kung pao hupikwa nazo.

Kwa watu kumi mimi huagiza sahani saba au nane pamoja na wali: mbili za baridi za kuanzia, bata, samaki mzima, kamba, nyama moja, tofu (jibini ya soya), na mboga za chainizi za kitunguu saumu. Samaki awe wa mvuke, mwenye tangawizi na mafuta ya moto yaliyomwagwa juu. Changu au chewa wetu wa pwani wanafaa sana. Vyakula vya jimbo la Sichuan vina pilipili inayotia ganzi mdomoni, kwa hiyo sahani moja ya namna hiyo inatosha. Wali kwa desturi yao huja mwishoni. Kama mnautaka pamoja na mchuzi, mwambieni mhudumu mwanzoni kabisa.

Mwenye siku yake akae kiti kinachotazama mlango, ndicho cha heshima, na kichwa cha samaki kielekezwe kwake. Kioo kisizungushwe kabla hajapakua. Vijiti visisimikwe wima kwenye wali, kwani hivyo hufanana na udi unaochomwa kwa ajili ya wafu. Kama ni siku ya kuzaliwa, agizeni tambi ndefu zisizokatwa, ambazo Wachina huzila kuombeana umri mrefu. Mama alipoelezwa maana yake aliinua mikono akasoma dua, na meza nzima ikaitikia amina.

Kuhusu hela, angalieni vitu vinavyouzwa kwa uzito, kama kaa na kamba koche. Apimwe mbele yenu na bei itajwe kabla hajapelekwa jikoni. Mlipaji amalize hesabu kaunta wakati wengine wanakula matunda, na kilichobaki kifungwe. Mifupa ya bata msiiache: migahawa mingi huipikia supu palepale mkiomba, na wasipoweza, ichukueni mkaichemshe nyumbani na kabichi na tangawizi.